Mbele Iko Nini: Mto wa Sébastien Lokuli

"Basi ukaoe huo mto! Uoe, ulale nao, ukuzalie watoto wenye magamba!"

"Mama Grâce, nipe upondo wangu."

"Upondo? Hili ni fagio. Nililinunua mimi. Kazi yake ni kufagia."

"Watu wanasikia."

"Wasikie! Na uwaambie vizuri, kule Panga mnanong'ona nini, wewe na mwanamke wako wa saluni."

"Si langu kusema."

"Ni la nani?"

"La mwenyewe."

Wasikilizaji wapendwa, hayo yalisemwa Jumapili moja ya mwezi wa saba mwaka huu wa 1998, hapa Durban, kwenye flati ya ghorofa ya pili huko Greyville. Aliyekuwa akipiga kelele ni Constance Nabintu, mtu wa Bukavu, ambaye wengi tunamwita Mama Grâce. Aliyekuwa amekaa kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa, mikono mitupu, ni mume wake. Constance alichukua kichwa cha fagio, akakipigilia tena kwenye mti wake kwa kisigino cha kiatu. Kisha akafagia chumba, akapita hata chini ya miguu ya mume wake.

Leo tunamkumbuka yule wa kwenye kreti. Sébastien Lokuli. Mzaliwa wa Bomili. Msukuma troli wa Warwick Junction. Ametutoka mwezi huu wa tisa, kifua kilimzidi. Tunarudia kwa waliochelewa kufungua redio: Sébastien Lokuli, mtu wa Bomili, ametutoka.

Mke wake ametupa ruhusa ya kusimulia yote. Alisema: "Msinipake asali. Nilikuwa na wivu, semeni nilikuwa na wivu." Basi tunasema.

Kwanza mto wenyewe, maana bila mto hamtamwelewa mtu huyu. Kuna mto unaoanza kwenye nyanda za juu, upande wa magharibi wa ziwa Albert, mahali penye majani, baridi na ng'ombe. Huko unaitwa Ituri. Unapita karibu na Irumu, halafu unaingia msituni, na ukishaingia, jua unaliona kwa vipande. Kulia kwake unapokea mto Epulu. Kushoto unapokea Lenda. Unapita Avakubi. Unafika Bomili, ambako mto Nepoko unaingia kutoka kaskazini, na hapo jina linabadilika. Juu ya Bomili ni Ituri. Chini ya Bomili ni Aruwimi. Maji ni yale yale. Kutoka hapo kuna maporomoko ya Panga, kuna kivuko cha Banalia, kuna mawe ya Yambuya, halafu maji yanatulia mpaka Basoko, na Basoko mto unajitupa ndani ya mto mkubwa wa Kongo. Nchi imebadilishwa jina mwaka jana. Mto haukuulizwa, na wala haukubadilika.

Constance alikuwa na neno lake juu ya hayo majina mawili. Alisema: "Mto wenye majina mawili ni kama mwanaume mwenye nyumba mbili. Huku baba Fulani, kule baba Fulani."

Sébastien alizaliwa pale pale Bomili, kwenye pembe ya mito miwili. Alipobalehe aliingia kwenye mtumbwi wa biashara wa mzee Ladislaus. Mtumbwi mrefu, wa mti mmoja, unaobeba mchele, mawese na samaki wa moshi kutoka Bomili mpaka Basoko. Mtumbwi wa namna ile unaongozwa na watu wawili. Mmoja amekaa nyuma na kafi. Huyo anaijua njia, lakini shehena imemziba, haoni maji ya mbele. Mwingine amesimama mbele na upondo, ule mti mrefu wa kupimia kina. Huyo anayaona maji. Basi wa nyuma anataja mahali walipofika, kisha anauliza: "Mbele iko nini?" Wa mbele anajibu: iko jiwe, iko mchanga, iko gogo, iko maji marefu. Wa nyuma anauliza, wa mbele anajibu. Hivyo ndivyo mtumbwi unavyofika.

Kijana mgeni alifundishwa mto akiwa nchi kavu. Aliketishwa chini na kushushwa mto wote kwa mdomo, kuanzia kwenye majani ya juu mpaka Basoko, swali na jibu, hata sehemu ambazo mtumbwi wao haukufika. Akikosea, anarudishwa juu kabisa, anaanza upya. Sébastien alikuwa akisema alirudishwa juu mpaka akaota majani kichwani.

Baadaye aliacha mtumbwi. Alipanda Kisangani, akafika Bukavu na mizigo ya mchele, na Bukavu akamwona Constance akiuza vitunguu. Walioana. Wakapata binti, Grâce. Vita ilipoingia mwaka 1996 walitoka na nguo za mwilini, wakapita Uvira, wakavuka ziwa mpaka Kigoma, wakashuka nchi moja baada ya nyingine mpaka hapa kwenye bahari ya watu. Njia yote hiyo, Constance anasema, mume wake alikuwa wake peke yake. Walilala chini pamoja. Walikula sahani moja. Hakukuwa na mto.

Mto ulianza Warwick Junction.

Ilikuwa Jumamosi, watu kama siafu. Sébastien alikuwa anasukuma troli ya viazi, magunia yamepita kichwa chake. Kama kawaida yake akapaza sauti: "Mbele iko nini?" Watu wa soko walizoea kelele yake, wanaruka pembeni tu. Lakini siku ile, kutoka kwenye mlango wa saluni, sauti ya mwanamke ikajibu:

"Mbele iko jiwe! Mchanga kushoto! Piga kushoto!"

Sébastien akapiga kushoto kabla hajafikiri. Troli ikapita salama. Jiwe lenyewe lilikuwa gogo mmoja, bibi wa Kizulu, amekaa chini na kabichi zake, na gogo akasimama kuwatukana wote wawili kwa kupokezana.

Constance alikuwa pale, nyuma ya meza yake ya tangawizi. Alimwona mume wake akiacha troli katikati ya njia. Alimwona akigeuka. "Ule uso," anasema Constance, "sikuwahi kuuona. Hata siku ya harusi hakunipa uso ule."

Mwanamke wa saluni alitoka na kitana mkononi. Jina lake Mireille. Ni binti wa mzee Ladislaus, yule mwenye mtumbwi. Alipokuwa msichana alisimama mbele na upondo, baba yake nyuma. Sébastien alimwacha mtoto mdogo, sasa ni mwanamke mzima, anasuka nywele Durban.

Tangu siku ile, kila Jumapili baada ya kanisa Mireille alikuja Greyville. Alikuja na beignets, maandazi ya kwetu, kwenye karatasi. Alikula na familia. Halafu Sébastien anang'oa kichwa cha fagio, anampa Mireille ule mti, ambao aliuzungushia mikanda ya rangi kama upondo, nyekundu, nyeupe, nyeusi. Mireille anasimama karibu na dirisha. Sébastien anakaa nyuma kwenye kreti. Wanashuka mto.

Na Constance? Constance anaenda jikoni.

Wasikilizaji wapendwa, wivu una adabu zake. Unatabasamu, unakaribisha, unaongeza pilipili. Samaki wa Mireille alipikwa na pilipili ya kuua panya. Mireille alimaliza, akalamba vidole, akaomba tena. Constance alinusa mashati ya mume wake. Yalinuka vitunguu, yaani yalinuka Constance mwenyewe. Akakosa pa kushika. Akaenda kwa rafiki yake Médiatrice, Mrundi, jirani wa ghorofa ya chini.

Médiatrice aliuliza: "Wanashikana?"

"Hawashikani."

"Wanatoka pamoja?"

"Hawatoki. Wanakaa sebuleni, mlango wazi."

"Sasa wanafanya nini?"

"Wanashuka mto."

Médiatrice alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Grâce, eish! Mume wako anazini na jiografia?"

"Cheka. Afadhali wangelala. Ningejua cha kufanya."

Hakuwa anatania. Mwanamke akikuibia mume kwa uzuri, unaweza kusuka nywele. Akikuibia kwa chakula, unaweza kupika. Huyu alikuwa na kitu ambacho Constance hawezi kukipata popote, hata akilia machozi ya damu. Alikuwa amekulia kwenye maji yale. Sébastien akianza sentensi, Mireille aliimaliza. Wakicheka, walicheka juu ya kisiwa ambacho Constance hajakiona. Ndani ya nyumba yake mwenyewe, mwenye nyumba alikuwa mgeni.

Siku moja alijaribu. Alimwambia mume wake wakiwa wawili: "Kwetu pia iko maji. Iko ziwa la Kivu. Mbona hatusafiri kwenye ziwa langu?"

Sébastien akajibu bila kufikiri: "Ziwa haliendi popote, mama."

"Haliendi popote? Na Ruzizi inatoka wapi? Inatoka kwenye jicho lako?"

Alinuna wiki nzima. Sébastien alileta embe, alileta kitambaa, akaleta hata habari za Ruzizi alizoulizia kwa Warundi wa sokoni. Haikusaidia.

Jambo lililomchoma zaidi lilikuwa Panga. Panga ni maporomoko. Pale mtumbwi haupiti na watu. Mizigo inabebwa kichwani kwa njia ya nchi kavu, na mtumbwi mtupu unateremshwa kwa kamba kando ya ukingo. Kila Jumapili, mto ulishuka kwa sauti kubwa mpaka Panga. Sébastien ana sauti ya soko, Constance alimsikia vizuri hata akigonga sufuria. Lakini wakifika Panga, sauti ya mume wake ilishuka. Akanong'ona. Mireille akanong'ona. Halafu sauti inarudi: "Tumefika Banalia, mbele iko nini?"

Wananong'ona nini? Mwezi ule wa saba Constance aliweka sufuria chini polepole, akachungulia. Mireille alikuwa amefunika macho kwa mkono. Na mkono wa Sébastien ulikuwa juu ya bega la Mireille.

Hapo ndipo mlipotukuta mwanzo. Mireille alifukuzwa, fagio likarudi kuwa fagio. Sébastien hakumfuata Mireille, na hakusema neno la Panga. Mume na mke walipatana juu ya mambo mengine yote, ada ya Grâce, chakula, kodi, kanisa. Juu ya mto hawakupatana.

Mwezi wa tisa alianguka na troli kwenye robot, taa ya barabarani ikiwa nyekundu, magari yamesimama. Alikuwa amekohoa majira yote ya baridi, na alikuwa amekataa kwenda kuonwa, akisema kikohozi ni cha vumbi. Walimpeleka hospitali. Constance alikaa kando ya kitanda na supu kwenye chupa.

Alasiri Sébastien alifungua macho. Akamtazama. Akauliza: "Mbele iko nini?"

Constance akasema: "Mbele iko supu. Kunywa."

Akanywa kidogo. Akauliza tena: "Mbele iko nini?"

Constance anasema wivu ulimpanda pale pale, kitandani mwa mgonjwa. Alijua swali lile ni la nani. Alijua nani ana jibu. Saluni haikuwa mbali, angeweza kutuma mtu. Hakutuma. Alifuta mdomo wa mume wake na kusema: "Mimi niko hapa, Baba Grâce. Nitazame mimi."

Sébastien alimtazama yeye. Alifariki akimtazama yeye. Hilo nalo tuliseme, ni haki yake.

Matanga yalikuwa pale flatini Greyville. Mdogo wake marehemu, Hardy, fundi wa magari, alifika kutoka Johannesburg siku ya Jumapili asubuhi. Mazishi yalipangwa Jumatatu. Hardy alisalimia, alilia, alikunywa chai. Kisha akauliza: "Shemeji, nani anamshusha yaya, kaka yangu?"

"Anamshusha wapi?"

Hardy akaeleza. Watu wa mtumbwi wa mzee Ladislaus walikuwa na desturi yao. Wengi walikufa majini bila kupatikana, wengine walikufa mbali. Kwa hiyo mwenzao akifa, kabla ya mazishi, wanaweka nguo yake katikati, pale panapokaa shehena, na wanamshusha kwa mdomo kutoka juu kabisa mpaka Basoko. Asiposhushwa anabaki njiani. "Mimi nilikulia Kisangani kwa mjomba," Hardy alisema, "mto siujui. Lakini nasikia hapa Durban iko binti wa mzee mwenyewe. Aitwe."

Wanawake walitazama vikombe.

"Huyo hakanyagi hapa," Constance alisema.

"Shemeji, pardon, hii si mambo ya kugombana. Bila yule dada, yaya anabaki juu."

"Mume wangu hashushwi na mwanamke mwingine. Nitamshusha mimi."

"Weye? Unaujua mto?"

"Jumapili zote nilikuwa jikoni nasikia. Irumu, Epulu, Lenda, Avakubi, Bomili, Panga, Banalia, Yambuya, Basoko. Nimeujua kwa nguvu, kama mtu anavyojua harufu ya jirani. Leta koti lake."

Hardy akaliweka koti la marehemu katikati ya chumba. Constance akakaa kwenye kreti, kreti ya mume wake. Alikaa wima. Wote waliokuwepo wanasema alipendeza. Akaanza kwa sauti ya Sébastien kabisa, sauti ya soko:

"Tumetoka kwenye majani. Tumefika Irumu. Mbele iko nini?"

Watu walitazama koti.

Constance akangoja. Akarudia: "Tumefika Irumu! Mbele iko nini?"

Mtu alikohoa. Nje gari lilipiga honi. Médiatrice, aliyekuwa ameketi karibu naye, akamwinamia na kusema polepole: "Mama Grâce. Nani anajibu?"

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, Constance akaona alichokifanya. Alikuwa amejifunza maneno ya mume wake yote, neno kwa neno. Kila mara Mireille alipofungua mdomo, alikuwa amegonga sufuria. Kila mara. Hakutaka sauti ile imwingie. Sasa alikuwa na mto wa maswali matupu. Hakuwa na jibu hata moja. Alikuwa na nusu ya mto, na nusu ya mto haimfikishi mtu.

Akasimama. Akaliona fagio nyuma ya mlango. Akalichukua. Watu walidhani amechanganyikiwa na anakwenda kumpiga mtu, na Hardy akamfuata mpaka mlangoni, lakini Médiatrice alimshika shati.

Nitasimama hapa kidogo, kabla sijawapeleka kwenye ngazi. Rambirambi natoa sasa, kwa sababu yaliyobaki hayahitaji maneno yangu nyuma yake. Mama Grâce, pole. Grâce, mtoto wetu, pole kwa kumpoteza baba aliyekusukuma kwenye troli akikuita shehena ya thamani. Hardy, pole kwa kaka. Wasukuma troli wote wa Warwick Junction, poleni. Mungu ampokee Sébastien Lokuli, mtu wa Bomili.

Na ninyi mlio nyumbani, mtafakari jambo moja wakati chai inapoa. Mtu unayeishi naye ana mahali alipotoka. Hapo mahali pana watu, pana majina, pana maji. Usipotaka kupasikia kwa sababu mwingine anapajua kukuzidi wewe, unayempunguza ni nani? Mimi nina jibu langu. Tafuteni lenu.

Twende kwenye ngazi.

Mireille alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Hakupanda, kwa sababu alikatazwa. Hakuondoka. Kwenye mapaja alikuwa na beignets kwenye karatasi, zimepoa, mafuta yamepita karatasi mpaka kwenye sketi. Aliona fagio linakuja, akainua mkono kujikinga.

Constance alisimama ngazi moja juu yake. "Kule Panga. Mlikuwa mnanong'ona nini?"

"Hakukuambia?"

"Alisema ni la mwenyewe. Mwenyewe ni wewe. Sema."

Mireille akaangalia beignets zake. "Baba alibaki Panga. Tulikuwa tunateremsha mtumbwi kwa kamba. Kamba ilikatika, yeye alikuwa upande wa maji. Hatukumpata. Hatukuzika kitu." Akakunja ukingo wa karatasi. "Sasa tukifika pale, yaya Sébastien ananiuliza polepole, mbele iko nini? Na mimi ninajibu, mbele iko baba. Iko mzee Ladislaus. Ndiyo hiyo tu, Mama Grâce. Hapa Durban mimi ni dada wa kusuka. Hakuna mwingine wa kuniuliza."

"Na mkono wake begani?"

"Nilikuwa nalia."

"Mbona hukuniambia?"

"Saa ngapi? Ulikuwa jikoni unapiga sufuria kama unamfukuza nyoka."

Constance akakaa kwenye ngazi. Alikaa kwa nguvu, kama gunia. Anasema alitafuta ndani yake huruma, akaikuta, na pembeni yake wivu ulikuwa umekaa vilevile, haujasogea. Alikuwa bado anauona ule uso wa Warwick. Uso ule ulikuwa wa mtu aliyesikia sauti ya kwao. Constance hakuwahi kuwa sauti hiyo. Hilo halikubadilika.

"Sikiliza," akasema. "Bado nakuonea wivu."

"Najua."

"Usifikiri umekwisha. Nikikutazama tu unaniwasha hapa."

"Najua, Mama Grâce. Hata ile pilipili nilijua."

"Na ukaomba tena!"

"Ningefanya nini? Nilikuwa nalia ndani."

Constance akacheka. Kicheko kilitoka vibaya, kikageuka kwikwi, akakikata. Akasimama. "Hospitalini aliuliza. Mbele iko nini, mbele iko nini. Mimi nikampa supu."

Mireille akasema: "Aliinywa?"

"Kidogo."

"Basi ulimjibu."

"Usinipake asali, wewe." Constance akaweka kichwa cha fagio kwenye ukingo wa ngazi, akakikanyaga. Kikang'oka, kikabingirika mpaka chini, hakuna aliyekiangalia. Akabaki na ule mti, mikanda nyekundu, nyeupe, nyeusi. Akamtupia Mireille. Mireille akaudaka kwa mkono mmoja, kama mtu aliyezaliwa nao.

"Beba na hizo beignets, watu wana njaa. Mimi nakaa nyuma. Wewe mbele. Nimeshakosea, kwa hiyo tunarudi juu kabisa."

"Na tukifika Panga? Unaniuliza polepole?"

"Panga nitakuuliza kwa sauti. Baba yako si siri."

Wakapanda. Hardy aliwapisha mlangoni. Mireille akalizunguka koti la marehemu, akaenda kusimama karibu na dirisha, miguu imeachana kidogo, upondo wima. Constance akakaa kwenye kreti. Kati yao lilikuwepo koti la Sébastien na wageni wote wa matanga, wameketi sakafuni wamebanana kama mizigo.

Constance akavuta pumzi.

"Tumetoka kwenye majani! Tumefika Irumu! Mbele iko nini?"

"Mbele iko msitu," Mireille akajibu. "Matawi yameshuka mpaka kwenye maji. Inamisheni vichwa."

Chumba kizima kikainamisha kichwa.